Mkono wa Mnunuzi Asiyekuwepo Sokoni

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Majengo, Moshi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja na simu mikononi mkitarajia niwape siri, habari za mchana. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nije nieleze namna ya kutafuta mali ya thamani iliyopuuzwa kwenye mitumba na kuiuza mtandaoni kwa faida. Nilikubali kwa sharti moja, ambalo nalirudia hapa mbele yenu: sitataja ninachopata kwa mwezi, kwa sababu mtu anayeanza biashara kwa kutazama faida ya mwenzake huishia kununua kitu asichokijua.

Nimekuja na kiatu, na ninaomba mkitazame kabla sijasema neno juu yake. Ni buti la mlimani, la ngozi, mshono wake umenyooka, kamba zake hazijapauka, na chini ya soli pana alama ya njano yenye pembe nane iliyoandikwa Vibram, jina linalotokana na Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia aliyebuni soli hizo za mpira baada ya wenzake sita kufa milimani mwaka 1935. Nililinunua pamoja na mwenzake pale soko la mitumba la Memorial kwa shilingi 12,000. Kijana aliyezoea kutafuta bei kwenye simu angeliona hili, angehesabu jozi mpya inauzwaje Ulaya, na moyo wake ungeanza kwenda mbio. Wangu pia ulikwenda mbio, miaka tisa iliyopita, kwa jozi inayofanana na hii. Sasa tazameni ninapobonyeza hapa pembeni kwa ukucha wa kidole gumba. Mnaona hizo chembe zinazodondoka mezani? Kiatu hiki kimekwisha kufa, ila hakijaambiwa.

Kati ya soli ya chini na ngozi ya juu kuna tabaka la kati, laini, linalopunguza mshindo wa hatua. Katika mabuti mengi tabaka hilo ni povu la poliyuretani, na adui wa povu hilo ni unyevu. Maji yaliyomo hewani hulivunja polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu hakivaliwi. Na ajabu yake ni kwamba kiatu kilichofungiwa kwenye boksi bila kukanyagwa mara nyingi huharibika mapema kuliko kile kilichovaliwa mara kwa mara. Kwa hiyo buti linaloonekana jipya kabisa, ambalo mtu fulani huko ng'ambo alilivaa mara mbili, akaliweka stoo kwa miaka 12 na hatimaye akalitoa sadaka, linaweza kuwa ndilo lililooza kuliko yote kwenye fungu. Yule mwenye mabuti yaliyochakaa ngozi, ambayo hakuna anayeyagusa, huenda ndiye mwenye soli nzima.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Jozi ile ya kwanza nilimuuzia kijana mmoja mwongoza wageni kwa njia ya WhatsApp, bila yeye kuishika, kwa picha tatu nzuri na maneno machache ya kusifia. Siku ya pili ya safari, akiwa anaikaribia Horombo, kama mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, soli ya kulia iliachia yote kwa pamoja, na siku zilizobaki alitembea akiwa amefunga kiatu kwa kamba ya hema huku wageni wake wakimwonea huruma. Alipotelemka alikuja mpaka kibandani kwangu. Hakunitukana, na wala hakudai fedha kwanza. Aliweka kile kiatu juu ya meza akasema, "Dada, mimi sikuwepo pale sokoni. Wewe ulikuwepo."

Yote niliyokuja kusema leo yamo katika sentensi hizo mbili za yule kijana.

Mtu anayenunua mtumba sokoni hununua kwa mkono. Hulivuta shati kuona kama litarudi, huligeuza ndani nje, hunusa kwapa, hukipima kiuno cha suruali kwa kukizungushia shingo yake, huvaa koti juu ya koti, na baada ya hapo ndipo anapouliza bei, tena kwa dharau, ili muuzaji asijue kwamba amelipenda. Mnunuzi wa mtandaoni hana mkono. Yuko Dodoma, yuko Mwanza, yuko ofisini Arusha amejificha na simu chini ya meza, na anachokiona ni kioo kidogo chenye picha. Anapokulipa, hakulipi kwa sababu umelipata koti. Makoti yako mengi. Anakulipa kwa sababu umelipapasa kwa niaba yake, na umemwambia kweli kile ambacho vidole vyako vilikikuta. Kwa hiyo mtu akiniuliza nianze kujifunza nini, kupiga picha au kutangaza, humjibu aanze kufundisha mkono.

Mama yangu, ambaye sasa ni mzee, alikuwa na mkono huo bila kusomea. Alikulia wakati ambapo nguo ilikuwa adimu, kitenge cha kiwanda cha Urafiki kilipangiwa foleni, na mitumba haikuwa imeruhusiwa kumiminika kama ilivyokuja kuwa baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi tulizoziita za ruksa. Ukimpa kitambaa gizani atakuambia ni pamba, ni sufu au ni nailoni. Alinifundisha kuchomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani na kuuchoma kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika ukiyagusa. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha punje ngumu kama shanga. Pamba hunuka kama karatasi. Kipimo hicho hakihitaji lebo, na mtakumbuka kwamba lebo ndicho kitu cha kwanza kukatwa na watu ambao shingo huwawasha. Ninaomba tu msikifanye katikati ya mafungu ya nguo za watu. Toka nje na uzi wako.

Sasa nizungumzie kuchagua, ambako vijana wa sokoni hukuita kupointi. Wapo wanaoamini kwamba siri ni kuwahi belo linapofunguliwa, na ni kweli kwamba atakayefika saa moja asubuhi siku ya mzigo mpya, Memorial au Kiboriloni, ataona vitu ambavyo wa saa tano hataviona. Lakini ukiwahi wakati hujui unachokitafuta, utachoka mapema tu. Pale belo linapokatwa kamba, watu 20 wanaingiza mikono kwa pamoja, na unayo sekunde chache ya kuamua. Anayetafuta kila kitu hushika kile kinachong'aa, chenye jina kubwa kifuani. Na kinachong'aa kila mtu amekiona, kwa hiyo bei yake imeshapanda kabla hujafungua mdomo, na mara nyingi lile jina lenyewe ni la kughushi. Mali iliyopuuzwa hupuuzwa kwa sababu inayoeleweka: ni nzito kwa hali ya hewa ya hapa, au ni chafu, au zipu yake imekwama, au hakuna anayejua kazi yake. Ukijua kazi yake, na ukajua kwamba zipu inarekebishwa kwa shilingi 4,000, umebaki peke yako kwenye fungu.

Mimi nilichagua vitu vya baridi na vya mlimani, na sikuvichagua kwa werevu. Ni mlima wenyewe ulionichagulia. Tunaishi chini ya mlima wa mita 5,895 ambao kila mwaka hupandwa na maelfu ya watu, na nyuma ya kila mgeni wapo wagumu wanaobeba mizigo, wapishi na waongozaji, ambao nao wanahitaji jaketi, glavu, soksi nene na viatu, na ambao hawawezi kuvinunua kwa bei ya madukani. Wapo pia Watanzania wenzetu, kila mwaka wengi kuliko mwaka uliotangulia kwa kadiri ninavyoona mezani kwangu, wanaotaka kufika kileleni tarehe 9 Desemba kuadhimisha Uhuru. Hao huanza kunitumia ujumbe mwezi Oktoba, wakitokea mikoa yenye joto, na hawana hata sweta. Kabla ya mbio za Kilimanjaro Marathon, zinazokimbiwa hapa mjini kila mwaka tangu 2003, huulizwa viatu vya kukimbilia. Mwezi Julai huulizwa makoti. Ninyi mnaoishi Arusha mnao waongozaji wa mbugani wanaotoka alfajiri kwenye gari lisilo na paa huko Ngorongoro. Msidharau jaketi la kuzuia upepo.

Tulichukue jaketi la mvua, kwa kuwa ndilo linalodanganya kuliko vyote baada ya buti. Majaketi mazuri yana utando mwembamba sana katikati ya kitambaa, unaozuia matone ya maji kuingia huku ukiruhusu mvuke wa jasho kutoka. Maarufu zaidi ni Gore-Tex, iliyotokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969. Mtu asiyejua hutazama nje, akaona rangi haijafifia, akalipa. Wewe geuza ndani. Juu ya kila mshono utaona utepe uliobandikwa ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano. Pitisha kucha pembezoni mwa utepe huo, hasa mabegani na kwenye kofia, mahali ambapo mikanda ya begi na mafuta ya nywele hufanya kazi yao. Ukiinuka kama plasta ya kidonda kilichopona, liache. Kisha kikunje kitambaa cha ndani na kukisugua: zikianguka chembe nyeupe kama mba, utando umekufa, na hakuna fundi wa Moshi wala wa London atakayeufufua. Lakini maji yakimwagwa nje yakanywewa na kitambaa badala ya kuteleza, usiogope upesi, kwa sababu mara nyingi ni dawa ya juu tu iliyoisha, na jaketi likifuliwa vizuri likapakwa dawa hiyo tena hurudi. Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo imenipa faida kuliko jambo lolote, maana wenzangu wakiona kitambaa kimelowa hulitupa fungu la buku mbili mbili.

Majaketi ya manyoya ya bata yanataka subira. Lifinyange mkononi uone kama linavimba tena, sikiliza kwa vidole kama kuna mabua ya manyoya, nusa, kwa kuwa manyoya yaliyokaa na unyevu hunuka kama banda, na harufu hiyo haitoki. Mengine yameandikwa namba 600, 700 au 800. Namba hiyo si ukubwa wa jaketi. Hueleza jinsi manyoya yanavyotanuka, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo manyoya machache yanavyoshika hewa nyingi, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayompa mtu joto. Nimekuta jaketi lenye 800 likiwa limepangwa chini ya meza kwa sababu ni jepesi mno na muuzaji aliona jepesi haliwezi kuwa la baridi.

Kuna mali nyingine ambayo thamani yake iko mahali tu. Makoti mazito ya sufu hapa Moshi huvaliwa wiki chache, kwa hiyo hurundikana. Niliyapita kwa miaka miwili bila kuyatazama, mpaka mteja wangu mmoja aliyehamishiwa kazi Njombe aliponiuliza kama ninalo. Nilimtumia moja kwa basi. Wiki iliyofuata walimu wenzake wanne waliniandikia. Njombe na Makete kunashuka baridi ya kuumiza masikio, na belo zuri la makoti halifiki huko mara kwa mara kama linavyofika hapa. Katika kuyatazama makoti hayo ndipo nilipojifunza kusoma lebo: iliyoandikwa kwamba nguo imetengenezwa Ujerumani Magharibi haielekei kuwa ya baada ya Oktoba 1990, kwa kuwa mwezi huo nchi hiyo iliungana na ya Mashariki, na lebo yenye tufe na msalaba juu yake ni ya Harris Tweed, kitambaa ambacho sheria ya Uingereza ya mwaka 1993 inataka kifumwe kwa mkono majumbani mwa wenyeji wa visiwa vya Outer Hebrides. Koti kama hilo nililinunua kwa shilingi 5,000, likiwa na kifungo kimoja pungufu. Bwana mmoja wa Arusha alilitaka kwa ajili ya picha zake za harusi, na sikumwambia kwamba nililipata kwa bei hiyo, kwa maana hakuuliza. Nilimwambia habari ya kifungo.

Mwenyekiti aliniomba pia niguse vitu vya kale, kwa sababu wengi wenu mna wazazi wenye nyumba za zamani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na Desemba watu wanaporudi nyumbani hufungua masanduku. Nitasimulia kwa uangalifu. Bibi mmoja wa Old Moshi aliniuzia mkebe wa bati kwa shilingi 10,000, nami niliutaka mkebe wenyewe kwa sababu ya michoro yake. Ndani yake, kwenye kipande cha kanga, kulikuwa na sarafu za Wajerumani, na mojawapo ilikuwa ile kubwa ya shaba ya heller tano ya mwaka 1909. Neno letu hela limetoka huko. Niliiuza moja tu kwa shilingi 90,000. Usingizi haukunijia vizuri; nilipanda tena na kumpelekea 40,000 pamoja na sarafu zilizobaki. Alizitazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, kumbe hela hizi bado zinanunua?" Sisemi hivi ili mnisifu, kwa kuwa nilipaswa kufungua mkebe ule mbele yake. Tangu siku hiyo ninapoingia nyumbani kwa mzee, mkebe, sanduku na mfuko hufunguliwa wote tukiwa pamoja. Sokoni ni jambo jingine. Muuzaji wa belo ni mfanyabiashara kama mimi, naye ana macho.

Msizisugue sarafu za kale kwa limau wala majivu. Wanaozikusanya huzitaka na weusi wake, na sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Na akitokea mtu kukuuzia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, ile ya mwaka 1916 yenye tembo aliyesimama mbele ya mlima wetu huu, jua kwamba Wajerumani waliitengeneza kweli katikati ya vita kwa dhahabu ya Sekenke, na jua pia kwamba za kughushi ni nyingi. Usilipe shilingi hata moja kabla sonara hajaipima. Santuri nazo zina watu wake. Sahani nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zikiwemo za mwanamuziki Frank Humplink na dada zake waliotoka Moshi hapa hapa, huvunjika kama sahani ya udongo, kwa hiyo zilizopona ni chache na wakusanyaji wa mbali huzitafuta. Zipo nyumba ambazo zimefunikia mitungi.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na sitaipita haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inailinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na kuvitoa vitu hivyo nje ya nchi kunahitaji kibali. Pembe ya ndovu, hata ikiwa ni bangili ya bibi yako, hata ikiwa ni kitufe, ni nyara ya serikali. Usiinunue, usiipige picha, usiiweke mtandaoni ukiuliza bei kwa utani. Na nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango; wanaoziuza kwa kujificha kwenye makundi ya WhatsApp wanajiwekea mtego wenyewe, maana picha hubaki.

Turudi kwa mnunuzi asiye na mkono. Baada ya kulichagua jaketi, kulifua na kulikausha, ninalitandaza juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, saa tatu au saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali na kubadilisha rangi. Ninapiga mbele, nyuma, ndani, lebo, na kisha kila kasoro kwa karibu, nikiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa wa doa uonekane. Sichukui picha ya mtandaoni ya jaketi jipya linalofanana, kwa kuwa huko ni kumwonyesha mtu mchumba mwingine. Kisha ninapima kwa futi ya fundi cherehani: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mkono, urefu wa mgongo. Saizi iliyoandikwa kwenye lebo siiamini, kwa sababu kubwa ya Japani ni ya kati Marekani, na jaketi lililowahi kukaushwa kwa mashine hupungua. Viatu ninavipima ndani kwa kijiti, kwa sentimita, kutoka kisigino hadi kidoleni.

Kwenye maelezo, kasoro huja kwanza. Mwanzoni niliogopa. Nilidhani nikiandika kwamba mkono wa kushoto una tundu la cheche lililozibwa, hakuna atakayenunua. Wanaonunua ni walewale, ila hawabishani tena kuhusu bei, kwa kuwa wanachotafuta katika kubishana ni kufidia kile wanachohofia kwamba umewaficha. Ukiwaonyesha, hofu hiyo haina kazi. Mtu aliyewahi kupokea mzigo na kukuta tundu pale pale uliposema lipo, ukubwa ule ule uliosema, safari ijayo hataomba hata picha ya pili.

Malipo nitayasema kwa kifupi. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji ya muamala kwenye simu ya mteja au kwa meseji iliyoingia kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe. Mzigo wa basi uandikwe jina na namba ya anayepokea, ufungwe ndani kwa nailoni, na risiti yake uipige picha umtumie kabla basi halijatoka stendi.

Hesabu ndiyo inayowatoa wengi machozi, kwa hiyo nitawapa yangu kwa mfano wa majaketi kumi. Kila moja nimelinunua kwa 15,000, bodaboda 1,000, kufua 2,000, zipu 4,000, bando 1,000. Jumla ni 23,000 kwa jaketi, ndiyo 230,000 kwa yote. Nikiuza moja kwa 45,000, mdogo wangu aliyeketi pale nyuma atasema nimepata 22,000, nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo na kwenda kula kuku. Lakini saba ndiyo yaliyouzwa kwa 45,000, ambayo ni 315,000. Mawili yamelala miezi minne, nikayatoa kwa 10,000 kila moja. Moja limerudishwa kwa sababu nilikosea kipimo cha bega, na fedha nimerudisha. Nimeingiza 335,000, na faida ni 105,000, yaani 10,500 kwa jaketi, na bado sijahesabu asubuhi zangu. Ninalo daftari la mali iliyolala, nalo ndilo ninalolisoma kabla ya kwenda sokoni, kwa kuwa linanikumbusha mkono wangu ulikosea wapi.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kama mitumba yenyewe itaendelea kuwepo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kukubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda. Nchi nyingine, ikiwemo yetu, zililegeza. Mimi huona kwamba wenye haja ya viwanda vyetu wana hoja, na ninyi mliowahi kuwa na ndugu aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Kiltex Arusha mnaijua hoja hiyo kuliko mimi. Ila mkono uliofundishwa kukagua mshono hautakosa kazi hata siku belo la mwisho litakapofunguliwa.

Buti hili nililolileta sitalitupa. Ngozi yake ni nzima, na fundi wa viatu ninayemwamini ataing'oa soli yote, ataondoa lile povu, na kuweka soli mpya ya mpira. Nitaliuza kama buti la shambani, na nitaandika hivyo.

Hapa mezani kuna majaketi matatu ya mvua. Mawili ni mazima, na moja limekufa kwa ndani, nami nimekata lebo zote ili zisiwasaidie. Mwenyekiti, naomba uanze wewe na wazee, halafu akina mama, na vijana mwishoni. Simu ziacheni kwenye viti.